Kabati lenye meza ya kukunja: Nafuu kwa seremala mwenye karakana finyu

Na MWANDISHI WETU

SEREMALA anayekodi chumba kimoja sokoni huamka na swali moja na kulala na jingine. Asubuhi hujiuliza atafanyia kazi wapi. Jioni hujiuliza ataviacha wapi vifaa vyake.

Maswali hayo ni mazito hasa katika eneo la Manga, kwenye mwinuko ulio mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, pamoja na masoko jirani ya Kemera na Magombo.

Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 957 katika kila kilomita moja ya mraba, na Nyamira watu 675. Wastani wa taifa zima ulikuwa watu 82 pekee. Mahali ambapo ardhi imegawanywa na kugawanywa tena kwa vizazi, nafasi ya kujenga karakana kubwa si jambo la kila fundi.

Chukua mfano wa chumba cha futi 10 kwa 10. Meza ya kawaida ya useremala yenye urefu wa futi 6 na upana wa futi 2 na nusu hula futi 15 za mraba kati ya 100 zilizopo. Meza hiyo haisongi hata wakati ambapo hakuna anayeitumia.

Baada ya hapo fundi anahitaji mahali pa kuegemeza mbao, mahali pa kuweka viti na vitanda vya wateja vinavyosubiri kuchukuliwa, na mahali pa kusimama akiunganisha fremu ya mlango.

Matokeo yake ni kwamba wengi huishia kufanyia kazi barazani. Ijapokuwa kazi hizi huitwa jua kali, katika nyanda za juu za Gusii adui mkubwa wa fundi wa barazani ni mvua. Wingu likitanda alasiri, kazi husimama, gundi hukataa kushika na mbao zilizokwisha kupigwa randa huanza kuvimba.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kutengeneza kabati la vifaa ambalo mlango wake wa juu hushuka na kuwa meza ya kazi. Likifungwa, kabati hili hukalia takriban futi 5 na nusu za mraba. Likifunguliwa, humpa fundi meza yenye upana wa sentimita 122 na kina cha sentimita 60, huku vifaa vyake vyote vikiwa mbele ya macho yake.

Ujuzi bila mahali pa kuutumia

Tatizo la kijana mwenye ujuzi lakini asiye na karakana si geni nchini. Mnamo 1966, Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kikristo lilichapisha ripoti iliyouliza ni nini hatima ya vijana wanaomaliza shule bila kupata nafasi ya kuendelea na masomo. Kutokana na mjadala huo, vyuo vya ufundi vya vijijini vilianza kuchipuka miaka ya mwisho ya sitini.

Mwaka wa 1972, ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliweka bayana kwamba mafundi wadogo wasiosajiliwa si mzigo kwa uchumi, bali ni watu wanaojiajiri na kuajiri wengine. Katiba ya mwaka wa 2010 nayo ilikabidhi serikali za kaunti jukumu la kusimamia vyuo hivyo vya vijijini.

Hata hivyo, cheti cha ufundi hakiji na chumba. Kijana akihitimu hupewa au hununua randa, patasi kadhaa, nyundo, msumeno na futi. Vifaa hivyo ndivyo mtaji wake wote. Vikiachwa chini ya lundo la maranda huota kutu, na vikiachwa katika chumba kisicho na kabati la kufungwa huweza kutoweka usiku mmoja.

Ndiyo maana inafaa kabati la vifaa liwe miongoni mwa kazi za kwanza ambazo fundi anajitengenezea mwenyewe, kabla ya kitanda au kochi la kuuza.

Uchaguzi wa mbao

Wakazi wa Gusii hawakosi miti. Mikaratusi imepandwa katika mashamba mengi, ingawa mwaka wa 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza ing'olewe kandokando ya mito na chemchemi kwa sababu ya kiu yake kubwa ya maji. Misaipresi na migrevilia pia hupatikana kwa wingi mashambani.

Miti hii ya mashambani iliwafaa mafundi wengi baada ya serikali kupiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018. Rais William Ruto alitangaza kuiondoa marufuku hiyo Julai 2023.

Lakini mti ulio karibu si lazima uwe mbao iliyo tayari. Mbao ya mkaratusi iliyopasuliwa juma lililopita bado imejaa maji. Ukiitengenezea meza leo, itajipinda na kupasuka kabla ya miezi michache kupita, na meza iliyojipinda haiwezi tena kufunga kabati.

Mbao mbichi hupangwa chini ya paa, mbali na jua la moja kwa moja, na kutenganishwa kwa vijiti vyembamba vyenye unene sawa ili hewa ipite kati yake. Jua kali hukausha uso wa mbao kabla ya kiini chake, na hapo ndipo nyufa huanzia.

Ipo njia rahisi ya kujua kama mbao imekauka. Chagua ubao mmoja mzima, kisha uupime kwenye mizani ya duka. Uache pamoja na mbao nyingine na uupime tena kila juma. Uzani ukiacha kupungua kwa majuma kadhaa mfululizo, mbao imefikia ukavu wa hewa ya eneo lako.

Kwa kabati hili, mwili na meza ni vya plaiwudi. Sababu yake ni kwamba plaiwudi hutengenezwa kwa tabaka nyembamba zinazopishana mielekeo, na hivyo haivimbi wala kusinyaa sana msimu wa mvua unapofuata kiangazi. Mbao za mkaratusi zilizokauka vyema zitumike kwa miguu na kwa msingi, nazo za saipresi zitumike kwa vijiti vya ndani.

Vinavyohitajika ni karatasi mbili za plaiwudi ya milimita 18 na moja ya milimita 6. Karatasi ya kawaida ina urefu wa sentimita 244 na upana wa sentimita 122. Ongeza bawaba nne imara za inchi 3 kwa ajili ya meza, bawaba mbili za miguu, makomeo mawili, kufuli mbili, skrubu, gundi nyeupe ya mbao, msasa na rangi ya mafuta.

Vipimo

Kabla ya kukata chochote, amua kimo cha meza. Simama wima ukiwa umevaa viatu vya kazi, mikono ikining'inia. Kimo kinachofaa kwa kupiga randa ni kile kinachofikia kifundo cha mkono wako. Kwa watu wengi ni kama sentimita 85 kutoka sakafuni, na ndicho kimo kinachotumika hapa. Fundi mrefu au mfupi zaidi na abadilishe hesabu ipasavyo.

Karatasi ya kwanza ya milimita 18 ipasuliwe kwa urefu wake kuwa vipande vinne vyenye upana wa sentimita 30 kila kimoja. Hicho ndicho kina cha kabati.

Vipande viwili vya kwanza vikatwe kwa urefu wa sentimita 140. Hizo ni mbavu mbili za kabati. Masalio yake, yenye urefu wa kama mita moja kila moja, yasitupwe.

Vipande viwili vinavyobaki hutoa mbao nne zenye urefu wa sentimita 118.4. Ya kwanza ni sakafu ya kabati, ya pili ni rafu ya kati inayokutana na meza, na ya tatu ni kifuniko cha juu. Ya nne ikatwe kuwa rafu mbili ndogo za sentimita 58.3.

Kutoka katika masalio ya mbavu, kata ubao mmoja wa sentimita 76.4. Huu utasimama wima katikati ya sehemu ya chini, ukibeba rafu ya kati. Usiuache, kwani rafu hiyo ndiyo itakayopigiwa nyundo miaka nenda miaka rudi.

Tahadhari moja ni muhimu. Plaiwudi inayouzwa kama ya milimita 18 huenda isifikie unene huo kamili. Pima unene wa karatasi uliyonunua, uuzidishe kwa mbili, kisha uutoe kwenye sentimita 122. Jibu utakalopata ndilo urefu sahihi wa mbao za kulala.

Karatasi ya pili itoe vipande viwili vya sentimita 122 kwa 60, vitakavyogandishwa pamoja kuwa meza yenye unene wa milimita 36. Sehemu inayosalia itoe vifuniko viwili vya chini, kila kimoja kikiwa na upana wa sentimita 60.8 na kimo cha sentimita 75.

Karatasi ya milimita 6 ikatwe kipande cha sentimita 122 kwa 140 kuwa mgongo wa kabati. Masalio yake yatatosha kuwa kitandiko cha kulinda uso wa meza wakati wa kazi za nyundo na rangi.

Kuunganisha mwili wa kabati

Fundi mwenye mashine anaweza kuchimba mifuo ya kupokea rafu. Asiye nayo asivunjike moyo. Vijiti vya saipresi vya sentimita 2 kwa 2 vilivyogandishwa na kukazwa kwa skrubu kwenye mbavu vitabeba rafu bila shida yoyote.

Weka alama kwenye mbavu zote mbili kwa wakati mmoja zikiwa zimelazwa bega kwa bega. Ukipima ubavu mmoja leo na mwingine kesho, rafu italala upande.

Uso wa juu wa rafu ya kati uwe sentimita 80 kutoka mwisho wa chini wa ubavu. Sentimita 5 zinazosalia kufikia 85 zitatokana na msingi. Sakafu ya kabati ikae mwisho kabisa wa chini, nacho kifuniko kikae mwisho wa juu.

Toboa matundu membamba kwa keekee kabla ya kuingiza skrubu, hasa kwenye makali ya plaiwudi. Skrubu inayolazimishwa kuingia kwenye makali hupanua tabaka na kuzitenganisha, na kiungo hicho hakitashika tena. Umbali wa sentimita 15 hadi 20 kati ya skrubu moja na nyingine unatosha.

Chini ya ukingo wa mbele wa rafu ya kati, gandisha vijiti viwili vyenye upana wa sentimita 5, kimoja kila upande wa ubao wa katikati. Vijiti hivi huipa rafu nguvu, na pia ndivyo ambavyo ukingo wa nyuma wa meza utaegemea ukishushwa.

Kabla gundi haijakauka, pima kabati kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, kisha upime pembe zile nyingine mbili. Vipimo vyote viwili vinapaswa kuwa takriban sentimita 185.7. La msingi zaidi ni kwamba vilingane. Kimoja kikizidi, sukuma polepole pembe zilizo mbali hadi vilingane, ndipo upigilie mgongo.

Mgongo huo ndio unaozuia kabati lisiyumbe. Fundi anayepigilia mgongo kabla ya kupima pembe hulifungia kosa ndani ya kabati milele.

Msingi na ukuta

Plaiwudi haipatani na sakafu yenye unyevu. Laza chini ya kabati vipande viwili vya mkaratusi vyenye kimo cha sentimita 5, vilivyopakwa rangi ya mafuta mara mbili au tatu. Makali yote ya chini ya mbavu pia yapakwe rangi, kwa kuwa plaiwudi hunywa maji kupitia makali kuliko kupitia uso.

Nyuma ya kabati, acha nafasi ya sentimita 2 kati ya mgongo na ukuta kwa kutumia vijiti. Ukuta wa matofali unaonyeshewa na mvua upande wa nje hupitisha unyevu hadi ndani, na kabati lililobanwa nao huota ukungu.

Kabati lazima lifungwe ukutani. Meza pekee ina uzani wa kilo 15 hivi bila miguu, nayo huning'inia mbele ya mwili mwembamba. Kabati lisilofungwa linaweza kumwangukia fundi meza inaposhushwa.

Kwenye ukuta wa mawe au matofali, toboa na utie vizibo vya plastiki kabla ya skrubu ndefu. Kwenye kibanda cha mabati, fuata nguzo za mbao, si mabati yenyewe. Kwenye ukuta wa udongo, tafuta miti iliyo ndani ya ukuta. Udongo peke yake haushiki skrubu.

Skrubu hizo zipitie kwenye kijiti kinene kilichogandishwa kwa ndani chini ya kifuniko cha juu. Zisipitie kwenye plaiwudi ya milimita 6 peke yake, kwani itachanika.

Meza na miguu yake

Gandisha vipande viwili vya meza kwa gundi iliyotandazwa kote, kisha uvibane kwa skrubu kutoka upande wa chini. Viache usiku kucha juu ya sakafu iliyonyooka. Meza iliyogandishwa juu ya kitu kilichopinda hubaki imepinda.

Bawaba hupachikwa kwenye uso wa juu, nusu yake ikiwa kwenye ukingo wa rafu ya kati na nusu nyingine kwenye meza. Chimba nafasi yake kwa patasi ili bamba la bawaba lilale sawa na mbao. Zikipachikwa hivyo, meza ikipanda hufunika uwazi wote wa juu, na ikishuka ukingo wake husukumana na mwili wa kabati, jambo ambalo huipa uthabiti.

Pamoja na hayo, bawaba hazikuumbwa kubeba pigo la nyundo. Mzigo wa kazi unapaswa kwenda sakafuni kupitia miguu.

Miguu ni miwili, ya mkaratusi wa sentimita 5 kwa 5, iliyounganishwa karibu na mwisho wake wa chini kwa ubao mmoja wa kulala ili iwe fremu moja. Fremu hii hufungwa kwa bawaba chini ya meza, sentimita 8 kutoka ukingo wa mbele. Bawaba ziwe upande wa miguu unaoelekea kabatini.

Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba miguu hujifungua yenyewe. Meza ikiwa juu, fremu huning'inia mbele ya kabati. Unapoishusha meza, miguu hubaki wima kwa uzani wake na kutua sakafuni.

Urefu wa miguu kwa hesabu ni sentimita 81.4, lakini ikate ikiwa na sentimita 83. Sakafu nyingi za vyumba vya sokoni si sawasawa. Egemeza meza kwa kitu kingine, tumia pimamaji hadi uso wake uwe sawa, kisha upime kila mguu peke yake na kuupunguza.

Ili miguu isirudi nyuma ikigongwa na teke, unganisha kila mguu na ubavu wa kabati kwa kipande cha ubao chenye kulabu mwishoni. Mazoea ya kufunga kulabu hizo kabla ya kuanza kazi ni muhimu sawa na mazoea ya dereva kufunga mkanda.

Unapopiga randa, sukuma kuelekea kabatini au sambamba nalo. Ukivuta kwa nguvu kuja upande wako, utakuwa unazijaribu bawaba na skrubu za ukutani.

Vifuniko vya chini na kufuli

Wengi hupenda kuweka milango ya bawaba kwenye sehemu ya chini. Katika kabati hili milango hiyo haifai, kwa sababu ikifunguliwa meza ikiwa chini itagonga miguu.

Badala yake, tumia vifuniko vya kuondoa. Kila kifuniko kina vigingi viwili vifupi kwenye ukingo wa chini vinavyoingia katika matundu ya ubao mdogo uliopigiliwa mbele ya sakafu ya kabati. Ukitaka kukitoa, unakiinamisha mbele na kukiinua.

Vifuniko viishie sentimita 4 chini ya uso wa meza. Vikipita hapo, meza haitashuka hadi mwisho. Hili ni kosa ambalo halionekani hadi siku ya kufunga bawaba.

Usiku, ubao wa kulala wa fremu ya miguu hupita mbele ya vifuniko vyote viwili na kuvizuia visiinamishwe. Gandisha kijiti cha sentimita 1.8 kwenye kila kifuniko ili kijaze nafasi iliyopo kati yake na ubao huo.

Funga tumbuu kwenye kila ubavu, mkabala na mguu, na upitishe kufuli. Miguu ikiwa imeshikwa hivyo, meza haiwezi kushuka na vifuniko haviwezi kutoka. Kufuli mbili zinalinda kabati zima.

Tumbuu zisifungwe kwa skrubu fupi ambazo mwizi anaweza kuzifungua kwa bisibisi. Tumia bolti zinazopenya ubavu mzima, nati zikiwa kwa ndani.

Licha ya kufuli, weka makomeo mawili kwenye ukingo wa juu wa meza. Haya ni kwa ajili ya usalama wa watu. Ukifungua kufuli asubuhi, kilo 15 za mbao zisikuangukie wewe wala mtoto wa mteja aliyesimama mlangoni.

Kila kifaa na makao yake

Kabati likikamilika, kazi iliyobaki ni mpangilio. Sehemu ya juu, inayofunguka pamoja na meza, iwe ya vifaa vya kila saa: misumeno, randa, patasi, nyundo, skwea, bisibisi na futi.

Tundika vifaa hivyo kwenye ubao wa nyuma, kisha uchore umbo la kila kimoja kwa rangi mahali pake. Jioni, umbo lisilo na kifaa litakuambia mara moja kilichopungua, kabla mwanafunzi wako au mteja hajaondoka.

Patasi zikae kwenye ubao wenye matundu, makali yakielekea chini na yakiwa yamefunikwa. Randa ilazwe kwa ubavu, si kwa uso wenye kisu. Vifaa vya chuma vipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila Jumamosi, maana hewa yenye unyevu haitofautishi kifaa kipya na kikuukuu.

Sehemu ya chini iwe ya vitu vizito: keekee, jiriwa ndogo inayobanwa kwenye ukingo wa meza na kuondolewa jioni, misumari na makopo ya rangi. Vanishi na gundi zenye mvuke unaowaka moto zifungwe vizuri na ziwekwe mbali na jiko la makaa na mahali pa kulehemu. Simu isichajiwe ndani ya kabati lililofungwa.

Bidhaa ya kuuza

Kabati hili linampa fundi jambo la ziada. Wateja huingia karakanani wakiwa na wazo la kochi au kitanda. Wakiona meza ikishuka kutoka ukutani, huuliza maswali.

Fundi wa simu hahitaji meza ya sentimita 60. Ya 40 inamtosha. Mshonaji anaweza kuomba meza pana ya kukatia vitambaa, isiyobebeshwa nyundo na hivyo kutosheka na unene wa milimita 18. Mzazi anayeishi katika chumba kimoja anaweza kutaka dawati la mwanafunzi linalokunjwa wakati wa kulala. Kanuni ni ile ile, vipimo ndivyo hubadilika.

Bei ya plaiwudi hutofautiana kutoka duka hadi duka, na safari ya kwenda mjini Kisii ina nauli yake. Inafaa fundi aulize katika maduka matatu, ahesabu na usafiri, kisha aandike gharama ya kila kitu pamoja na siku alizotumia. Karatasi hiyo ndiyo itakayomwongoza kumtajia mteja wa kwanza bei isiyomtia hasara.

Kwa kijana anayejiandaa kwa mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, kazi hii pia ni mazoezi mazuri. Ndani yake kuna kupima, kupasua, kuunganisha, kupachika bawaba na kusawazisha pembe, stadi ambazo seremala huzihitaji kila siku ya kazi.

Anayeanza asiyemudu karatasi tatu kwa mkupuo anaweza kuanza na mwili wa kabati na mgongo wake, aufunge ukutani na kuutumia kama rafu. Meza, miguu na vifuniko vinaweza kufuata mwezi ujao au baada ya kulipwa kazi ya kwanza. La muhimu ni kwamba uso wa rafu ya kati uwekwe katika kimo sahihi tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ndio utakaoamua kimo cha meza.